Barabara ya Rangwe Haifichi Siri

Msomaji mpendwa, kama hujawahi kufika Rangwe, njia ni rahisi kuielekeza ingawa ni ndefu. Utaondoka Nairobi alfajiri, uteremke hadi Mai Mahiu, upite Narok, Bomet na Sotik, na jua likianza kupinda utakuwa umewasili Kisii, baada ya zaidi ya kilomita 300. Kutoka hapo utafuata barabara kuu iendayo Migori na mpaka wa Tanzania, na ukifika Rongo utaiacha na kushika ile ya Homa Bay. Hapo utaiona nchi ikibadilika machoni pako. Migomba ya milima ya Kisii inabaki nyuma. Mbele kuna miwa, mahindi, njugu na viazi vitamu, na anga linapanuka kana kwamba linajua kuwa ziwa haliko mbali.

Zamani pande zote hizi, kutoka Homa Bay hadi Migori, zilikuwa wilaya moja iliyoitwa Nyanza Kusini. Leo Rangwe imo katika Kaunti ya Homa Bay, na wengi huijua kwa ajili ya Asumbi, misheni ya kale ya Kikatoliki ambako walimu wengi wa nchi hii walipata mafunzo na wasichana wengi wakapata elimu ya sekondari. Ningeweza kukuandikia makala nzima juu ya Asumbi. Lakini leo nitakusimulia habari za springi ya gari, kwa maana springi moja ilinifundisha juu ya Rangwe, na juu yetu sisi watu wa mjini, mambo ambayo safari zangu nyingi za awali hazikunifundisha.

Mimi ni mkwe wa Rangwe. Mke wangu alizaliwa huko, na kila niendapo shemeji zangu huniita "ora", neno la Kijaluo la kumwita mkwe. Mwezi wa Aprili miaka michache iliyopita, dada mkubwa wa mama mkwe alifariki dunia, na maziko yakapangwa Jumamosi asubuhi. Mke wangu alitangulia kwa basi. Sisi wengine tuliondoka Nairobi Ijumaa katika pikapu ya shemeji yangu mkubwa, Toyota Land Cruiser ya dizeli, kuukuu lakini yenye nguvu. Mbele tulikaa watatu: shemeji kwenye usukani, mama mkwe katikati, na mimi dirishani. Nyuma, chini ya turubai, kulikuwa na magunia matatu ya mchele, unga, mitungi ya mafuta, sufuria kubwa za kukodi na viti vya plastiki. Juu ya magunia walikaa watoto wangu wawili na binamu zao wawili, wakiimba kana kwamba tulikuwa tukienda arusi.

Gari lenye nia yake

Dalili ya kwanza niliiona kabla ya Narok. Barabara ilikuwa imenyooka, lakini usukani wa shemeji ulikuwa umepinda kidogo kulia. Kila alipoulegeza, gari lilijivuta kushoto, kama mbuzi anayeburutwa sokoni. Nilimwuliza kulikoni.

"Ni upepo, ora," akanijibu.

Baada ya Bomet hapakuwa na upepo, na gari bado lilivuta. Tulipokaribia Sotik tukasikia mlio mwingine. Kila alipokanyaga breki, chini ya miguu yangu kulitoka mgongo mmoja wa chuma kwa chuma: ko! Akiachilia breki, ko! tena. Nikamtazama. Naye akatazama mbele.

"Ni hii lami yao," akasema. "Imejaa mashimo."

Kisii tulinunua ndizi. Nilishuka nikalizunguka gari, nikaona kwamba tairi la mbele la kushoto lilikuwa limelika upande wa ndani hadi likawa laini, na ya kwamba lilikuwa karibu na bati la nyuma kuliko mwenzake wa kulia. Sikuwa na elimu ya kuelewa nilichokuwa nikikiona. Nilirudi nikaketi.

Hata hivyo, mambo yalikuja kuharibika tulipoiacha lami ya kwenda Homa Bay na kuingia barabara ya udongo. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Sehemu hizo zina udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na wakati wa masika hunata kwenye tairi hadi tairi likawa kama chapati iliyokunjwa. Gari lilianza kwenda ubavu. Ule mgongo ulikuwa sasa hausubiri breki, unagonga kila shimo. Watoto waliacha kuimba. Tulipofika sokoni, saa kumi na moja jioni, mama mkwe akasema kwa sauti ya upole lakini isiyo na mjadala, "Simama hapa tumwone fundi."

Kamba ya mkonge

Gereji ya fundi ilikuwa mti mmoja mkubwa, kibanda cha mabati, na ardhi iliyolowa oili hadi ikawa ngumu kama sakafu. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye suruali iliyokwisha kusahau rangi yake. Nilitaraji atarukia spana. La. Alisimama akainua macho na kumwuliza shemeji maswali matatu.

"Lilianza kuvuta lini? Limetengenezwa nini hivi karibuni? Na hii ngao umeifunga lini?"

Ngao aliyoizungumzia ni lile fremu zito la chuma ambalo watu wa mjini hupenda kulifunga mbele ya gari ili lionekane la kishujaa. Shemeji akasema ni ya mwezi uliopita. Swali la pili hakulijibu.

Fundi akaomba kamba. Kijana wake akaleta kamba ya mkonge, ile ya kufungia magunia. Wakaishika kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi katikati ya gurudumu la mbele, upande wa kulia, wakaifunga fundo mahali ilipoishia. Kisha wakaenda upande wa kushoto na kuipima vivyo hivyo. Fundo lilipita kitovu cha gurudumu kwa upana wa vidole viwili.

Fundi akatuonyesha bila kusema neno. Hata mtoto wangu mdogo, aliyekuwa darasa la nne, alielewa: upande wa kushoto wa ekseli ya mbele ulikuwa umerudi nyuma. Gari lilikuwa halina magurudumu manne yaliyo sambamba tena. Lilikuwa likienda kwa kuchechemea, na gari la namna hiyo huvuta upande ule uliorudi nyuma.

Hapa, msomaji, niruhusu nikueleze kidogo jinsi miguu ya gari la aina hiyo ilivyo, nawe mwanafunzi wa fizikia utanifuata kwa urahisi zaidi.

Springi ya mabamba ni kitu cha kale. Ilibeba magari ya kukokotwa na farasi huko Ulaya kabla injini haijabuniwa. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa mwaka 1948 ilikuwa nayo, mbele na nyuma, na Land Cruiser za kazi ziliendelea kuitumia mbele hadi mwaka 1999, zilipopewa springi za mviringo. Ni mabamba ya chuma cha pua, marefu kwa mafupi, yamepangwa kama mikeka. Bamba la juu, ambalo fundi wetu aliliita "mama", lina pete mbili miishoni. Pete moja imefungwa kwenye chasisi, na ya pili inaning'inia kwenye shakeli ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapokandamizwa. Ndani ya pete mna bushi za mpira za kumeza mitikisiko.

Mabamba hayo yameshikwa pamoja na boliti moja inayopita katikati yao, ambayo mafundi huiita senta boti. Kichwa chake huingia katika tundu la ekseli, kikaiambia ekseli: kaa hapa. Lakini si kazi ya senta boti kuushika uzito wa gari. Kazi hiyo ni ya yuboti, zile boliti mbili zilizopinda kama kiatu cha farasi, ambazo huibana springi na ekseli zikawa kitu kimoja. Yuboti zikilegea, mzigo wote wa breki na mashimo huiangukia senta boti peke yake. Nayo, maskini, haikuumbwa kwa ajili hiyo. Itakatika. Ikikatika, ekseli huwa huru kutembea mbele na nyuma chini ya gari. Ule mgongo tuliousikia tangu Sotik ulikuwa ni ekseli ikitembea.

Kilomita nane

Fundi alipomaliza kulala chini ya gari akatoka, akajifuta tope, akasema gari hilo halitatoka hapo.

Shemeji hakukubali. Alikuwa amebakisha kilomita nane tu. Nyumbani wapishi walikuwa wakiusubiri mchele. Wazee walikuwa wamekwisha kupiga simu mara tatu. Yeye ndiye mtoto wa kiume aliyetoka Nairobi, na jina lake lilikuwa kwenye kila kitu kilichobebwa na gari hilo. Akasema atakwenda polepole, kwa gia ya kwanza, na fundi amfuate kesho baada ya maziko.

"Mbele yako kuna mteremko na daraja," fundi akasema. "Ukishika breki pale na mzigo huu, ekseli itajipindua na usukani utabaki mkononi mwako kama sahani. Nyuma umebeba watoto. Ajali haiulizi umebakisha kilomita ngapi, omera."

Shemeji akakasirika. Akasema mafundi wa vijijini hupenda kumkamata mtu wa Nairobi kama samaki aliyeingia wavuni. Fundi hakujibu. Aliokota kamba yake akaanza kuikunja. Mimi nilikaa kimya kwa sababu mkwe hana sauti kubwa ukweni, na nakiri kwako, msomaji, kwamba ukimya ule ulinisumbua, kwa maana wawili kati ya wale watoto walikuwa wangu.

Mama mkwe alikuwa bado ameketi ndani ya gari. Akafungua mlango, akateremka taratibu, akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni.

"Dada yangu amekwisha kufika anakokwenda," akasema. "Yeye hana haraka tena. Hawa watoto ndio wenye safari."

Hapo maneno yalikwisha. Gari dogo la abiria lililokuwa likirudi upande wa nyumbani likawachukua yeye na watoto. Vijana wa bodaboda wakaufunga mchele, gunia moja kwa kila pikipiki, wakapotea kwenye giza wakifuatana kama siafu. Sisi wawili tukabaki na fundi, na sufuria, na mvua iliyoanza kurasharasha.

Usiku wa Rangwe

Vipuri havikuwako sokoni. Fundi akampigia simu mwenye duka mjini Kisii, akamtajia aina ya gari na vipimo, na shemeji akatuma fedha kwa M-Pesa. Boliti, yuboti nne na bushi zikapewa dereva wa matatu ya mwisho ya kupitia Rongo, na saa mbili na nusu usiku kijana wa pikipiki akatuletea kutoka barabara kuu, zimefungwa kwa gazeti. Nani alisema vijijini hakuna mambo? Katika mtaa wangu mjini ningesubiri hadi Jumatatu.

Nilishika tochi ya simu, nikajionea kazi yote. Kwanza fundi aliweka ubao mpana chini ya jeki, kwa maana udongo ule mweusi humeza jeki kama uji. Akainua chasisi, akaikalisha juu ya vigogo vizito pande zote mbili, akaisukuma kwa mikono kuhakikisha haitikisiki, ndipo akaingia chini. "Jeki ni ya kuinulia," akaniambia. "Si ya kulalia chini yake."

Akaitegemeza ekseli kwa jeki ya pili, akafungua yuboti, akaibana springi kwa jiliwa ili mabamba yasiruke, akaitoa senta boti. Ilitoka vipande viwili. Akavifuta na kuvileta kwenye mwanga.

Nataka uvione jinsi nilivyoviona. Mahali ilipokatika palikuwa na rangi mbili. Nusu palikuwa na kutu ya kahawia, na nusu pakimetameta kama shilingi mpya.

"Hii yenye kutu ilipasuka zamani," fundi akasema. "Wiki mbili, tatu. Maji yakaingia. Hii inayong'aa ndiyo ya leo." Kisha akakigeuza kichwa cha boliti. Kilikuwa kitupu. Boliti ngumu ya kazi kama hiyo huwa na alama kichwani, kwa mfano 8.8 au 10.9, ya kueleza nguvu ya chuma chake. Hiyo ilikuwa boliti ya kawaida, kama ya kufungia lango.

Shemeji aliketi juu ya sufuria iliyopinduliwa, akakaa kimya muda mrefu. Ndipo akalijibu lile swali la pili la jioni. Alipofunga ile ngao, uzito wake uliinamisha pua ya gari. Hakupendezwa nayo. Akalipeleka katika gereji moja, akaomba iongezwe bamba moja la springi kila upande ili pua iinuke, na akataka kazi iishe siku hiyo hiyo kwa bei ndogo. Wakamwongezea mabamba yaliyokatwa kutoka gari jingine, wakafunga kwa boliti waliyokuwa nayo, na yuboti zile zile za zamani. Wakamwambia arudi baada ya siku chache zikazwe tena.

"Sikurudi," akasema. "Lilikuwa likienda vizuri."

Basi kumbe si upepo wa Narok, wala lami ya Sotik, wala tope la Rangwe. Gari letu lilitoka Nairobi likiwa limekwisha kuvunjika. Barabara ya Rangwe haikulivunja. Ilitoboa siri tu. Nami nikafikiri ni mara ngapi sisi watu wa mjini tunakwenda nyumbani mara moja kwa mwaka, na mizigo yetu na nyufa zetu tulizozipaka rangi, na likitupata la kutupata tunasema ni barabara za huku mashambani.

Fundi aliyatoa yale mabamba ya ziada, akaichunguza springi ya asili bamba kwa bamba, akipitisha kidole kandokando ya tundu la katikati, kwa maana ndipo ufa hupenda kuanzia. Nilimwuliza, lau angeona ufa, angeuchomelea? Akacheka. Springi haichomelewi, akasema. Moto huondoa ule ugumu na unyumbufu uliotiwa kiwandani, na bamba lililochomelewa huvunjika tena, safari hii bila kuaga. Bamba lililokufa kazi yake ni kwa mhunzi, akalifua likawa panga au jembe.

Akayafunga mabamba kwa senta boti yenye alama, akatia bushi mpya, akarudisha ekseli hadi kichwa cha boliti kikalala ndani ya tundu lake, akazikaza nati za yuboti kwa zamu, moja hapa, nyingine mkabala wake, kidogo kidogo, ili zibane sawa. Boliti za bushi alizikaza mwisho kabisa, gari likiwa limekwisha kuteremka na kusimama kwa uzito wake, kwa sababu bushi ya mpira ikikazwa gari likiwa hewani hujipinda likishuka, ikakatika mapema. Upande wa kulia nao akaufungua, ingawa ulikuwa haujakatika. Boliti ya huko ilikuwa imekwisha kuanza ufa. Ile ngao tuliiacha kwenye kibanda chake.

Karibu na jogoo la kwanza, mke wa fundi alituletea nyoyo ya moto katika bakuli, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na uji. Fundi hakula kwanza. Alichukua ile kamba ya mkonge, akampa shemeji mwisho mmoja aushike mwenyewe. Wakapima kulia. Wakapima kushoto. Fundo likaangukia kwenye kitovu cha gurudumu, pande zote mbili.

"Sasa kula," akamwambia.

Kabla hujaenda nyumbani

Msomaji, huenda huna Land Cruiser, lakini huenda unapanda gari la mjomba, la shule au la kanisa kwenda safari ya mbali. Mambo haya machache hayahitaji ufundi, na unaweza kuyakagua kabla hamjapakia mizigo.

Tazama usukani katika barabara iliyonyooka. Ukiwa umepinda, au gari likivuta upande mmoja baada ya matairi kutiwa upepo sawasawa, uliza sababu. Pima kwa kamba kama alivyopima fundi. Baadhi ya magari madogo yana tofauti ya kiasi kidogo tangu kiwandani, lakini katika gari la springi za mabamba, tofauti ya vidole viwili ni ugonjwa.

Gurudumu likiwa limeinuliwa na chasisi imekalishwa salama, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, tatizo laweza kuwa beringi za gurudumu au kingipini. Lishike kushoto na kulia ulitikise. Likicheza namna hiyo tu, tazama viungo vya tairodi. Gari linalotetemesha usukani ghafla kwa mwendo fulani, kisha likatulia ukipunguza, mara nyingi lina moja ya magonjwa hayo. Na kama gari lako ni la springi za mviringo, kagua bushi za mikono ya ekseli na za ile fimbo inayokingama kutoka chasisi hadi ekseli.

Shokamzoba ikitoa oili imekwisha kazi, lakini usiilaumu kwa kila mlio, kama wafanyavyo wengi. Wengi hubadilisha shokamzoba nne kwa gharama kubwa na kuiacha bushi ya bei ndogo inayogonga. Yuboti zikifunguliwa, nunua mpya, kwa sababu za zamani zimekwisha kuvutika. Na zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi, hata kama gari linakwenda vizuri. Hasa kama linakwenda vizuri.

Mwisho, usiongeze chuma ili kuficha uzito ambao hukuwa na haja ya kuubeba.

Tulifika nyumbani jua likichomoza. Mchele ulikuwa umekwisha kuiva katika sufuria za kuazima kwa majirani, na watoto walikuwa wamelala wanne katika mkeka mmoja, wamefunikwa khanga ya bibi yao. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na jeneza la dada yake. Alimtazama mwanawe aliyejaa grisi hadi kwenye nyusi, akamwambia akaoge, watu wanakuja.

Jumapili, tukirudi, shemeji alisimama chini ya ule mti bila kuambiwa na mtu. Fundi alitoka kibandani na spana yake. Nati mbili zilikubali kuzunguka, karibu robo ya mzunguko. Alizikaza, akaligonga gari bavuni kama mtu anayemwaga punda wake, na shemeji akamwambia, "Ero kamano." Asante.

Kutoka Rongo hadi Narok usukani ulikuwa umenyooka. Nilimwona mara kwa mara akiulegeza mikono kidogo, akisubiri kuona kama gari litavuta. Halikuvuta.